Habari Iliyongoja Seti ya Tano

Baba mkubwa, kaka wa marehemu, aligawa kazi za msiba kwa sauti ya mtu aliyetunza stoo miaka thelathini. Huyu aende hospitali kufuata cheti, wale wawili watafute viti, yule awapigie simu ndugu wa mbali, mwingine akawasimamie wachimba kaburi. Kila aliyetajwa aliitika na kuondoka. Ilipofika saa moja asubuhi kazi zilikuwa zimekwisha, na ndipo macho yake yalipomwangukia Soli, mdogo wa mjane, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, mikono ikimning'inia kama ya kuazima.

"Wewe huna kazi hapa," baba mkubwa alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Utakwenda kumleta mtoto."

Soli alikuwa fundi viatu, na jina lake alilipata kwenye soli alizozibandua na kuzibandika tangu ujana wake. Mwaka wa kumi na moja huo alikuwa akiishi chumba cha uani katika nyumba ya dada yake. Alfajiri ile yeye ndiye aliyesikia kishindo kutoka chumba cha mbele, yeye ndiye aliyefika kwanza, na shemeji yake alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwa Soli. Lakini marehemu alikuwa na kaka, wadogo, binamu na ukoo mzima, na walipojaa ndani, Soli alisogea, akasogea tena, hadi akajikuta mlangoni mwa jikoni.

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwaka wa tatu chuoni. Nyumbani walimwita Ngazi. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, alipoona binti wa miaka kumi na tatu anashusha sufuria juu ya kabati bila kupanda kiti. Siku hiyo alikuwa mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi, ambako chuo chao kilikuwa kinacheza fainali ya taifa ya mpira wa wavu kwa wanawake wa vyuo.

"Hajui kitu," alisema mama yake kutoka kwenye mkeka. Sauti ilikuwa imemkauka. "Kocha wao hukusanya simu zote siku ya mechi."

"Ndiyo maana lazima mtu aende," baba mkubwa alisema. "Akirudishiwa hiyo simu atakuta pole mia moja. Asome habari ya baba yake kwenye kioo kama tangazo la kukatika umeme? Haiwezekani. Soli, ukifika usizungukezunguke. Mtoe hapo, mpande basi la saa kumi, ndilo la mwisho. Tunazika kesho saa tatu asubuhi. Akilala huko, hatuwahi."

"Nimeelewa, kaka."

"Na usikae kuangalia mpira."

Mtu mmoja aliguna kicheko akakimeza. Kila mmoja alijua Soli hana habari na mpira wa aina yoyote.

Dada yake alimfuata kwenye ujia wa uani. Alimwekea mkononi tiketi ya basi, imekunjwa mara mbili.

"Ni ya shemeji yako. Ilikuwa mfukoni mwa shati. Imeshalipiwa."

Soli aliitazama. Saa mbili kamili, kiti namba kumi na nne.

"Mdogo wangu," dada alishusha sauti, "mwache acheze kwanza."

"Lakini kaka mkubwa amesema nimtoe moja kwa moja."

"Nimemsikia, si kiziwi. Miaka mitatu mtoto anaamka kukimbia kabla hakujapambazuka. Baba yake alikuwa anakwenda kumwona leo kwa mara ya kwanza. Mwache amalize, kisha umwambie." Alimshika mkono, akaubana. "Na usiseme kwa mtu yeyote kuwa mimi ndiye niliyekuambia. Nina ya kutosha na hawa shemeji zangu."

Kwenye basi, kondakta alipita akiita abiria kwa orodha. Alipofika kiti cha kumi na nne aliita jina la shemeji, mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili kwa kukereka.

"Nipo," alisema Soli.

Jina hilo liliitwa kwa mara ya mwisho, likapata wa kuliitikia.

*

Ukumbi wa michezo ulikuwa umezingirwa na watu tangu barabarani. Wanafunzi wamejipaka rangi usoni, wengine wana ngoma, wengine mabati ya kugonga. Mlinzi wa mlangoni alinyoosha kiganja bila kumtazama.

"Tiketi."

"Mimi ni mjomba wa mchezaji."

"Leo kila mtu ni mjomba. Tangu asubuhi nimeshakutana na wajomba saba wa msichana mmoja."

Foleni nzima ilicheka. "Huyo ni wa nane," alidakia kijana mwenye ngoma.

Soli angeweza kusema sentensi moja tu na mlango ungefunguka. Ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliona wazi kwamba akiitoa nje, habari itakimbia kwa kasi kuliko yeye, itapita katikati ya hao vijana wenye mabati na kumfikia mtoto kabla yake. Basi akatoka kwenye foleni. Alisimama kando ya pipa la taka karibu saa nzima, akijifanya mtu anayemsubiri mwenzake, huku mlinzi akimtupia jicho kila baada ya muda kama anayemshuku.

Wachezaji walikuja kwa mstari kutoka jengo la pili, wamevaa nguo za kijani za kupashia mwili joto. Ngazi alikuwa wa nne. Alipita, akasimama, akarudi nyuma.

"Mjomba?"

Uso wake ulichanua kiasi kwamba Soli alitaka ardhi immeze. Msichana akamgeukia mlinzi. "Huyu ni wangu."

"Samahani, mzee," mlinzi alisema. "Pita, pita."

Ngazi alikuwa anatazama nyuma ya bega la mjomba wake, kwenye umati.

"Baba yuko wapi?"

Njia nzima Soli alikuwa amefanya mazoezi ya kuitoa habari. Hakuwa amefanya hata dakika moja ya mazoezi ya kuificha.

"Ameshindwa kuja," alisema. "Kanituma mimi."

"Tanuri?"

Shemeji alikuwa mwoka mikate. Kwa miaka mingi tanuri ndilo lililokuwa jibu la kila kitu: harusi aliyoikosa, mikutano ya wazazi, Jumapili.

"Ndiyo," alisema Soli. "Tanuri."

Uso wa msichana ulishuka polepole. "Siku moja tu, mjomba. Miaka mitatu namwomba siku moja. Juzi kaniapia kwenye simu, akaniambia hadi namba ya kiti." Alijilazimisha kutabasamu. "Mwambie nimekasirika. Umwambie hivyohivyo, usimpunguzie. Lakini wewe umekuja, wewe ambaye hata hujui mpira una pembe ngapi."

Alimbana mkono kwa vidole vilivyofungwa plasta nyeupe, akakimbia kuwafuata wenzake.

*

Alipata nafasi kwenye benchi la zege, mstari wa sita, kando ya mwanamume mnene mwenye taulo shingoni.

"Mimi ni baba wa namba tisa," alijitambulisha mtu huyo. "Na wewe?"

"Namba saba. Mjomba wake."

"Namba saba! Basi wewe ni mtu mkubwa hapa. Yule ndiye roho ya timu. Unaona, wengine wanapiga, yeye anawainulia. Mpira wa kwanza unapokelewa, wa pili ni wake, wa tatu ndio kombora. Atakayeshinda seti tatu ndiye bingwa. Umenipata?"

"Nimekupata."

Hakuwa amempata sana. Ila viatu alivijua. Kila aliposikia soli zikilia juu ya sakafu ya mbao aliweza kusema ipi mpya na ipi imelika kisigino. Viatu vya Ngazi alivishona mwenyewe likizo iliyopita, uzi mara mbili kuzunguka pembeni, kwa sababu gundi peke yake haikustahimili kuruka. Wenzake wengi walikuwa na viatu vya dukani vinavyong'aa. Kwa mbali, mshono wake haukuonekana, na Soli alifurahi kwa hilo, halafu akashangaa kwamba bado ana uwezo wa kufurahia kitu.

Seti ya kwanza ilikuwa aibu. Ngazi aliinua mpira mmoja karibu mno na wavu, mwingine nyuma ya mpigaji, wa tatu ukamponyoka kabisa. Baba wa namba tisa alijipiga paja.

"Namba saba leo ana nini? Yuko hapa lakini akili haipo. Kama mtu aliyegombana nyumbani."

Soli alijua amegombana na nani, na nani aliyewagombanisha.

Walifungwa ishirini na tano kwa kumi na nne. Seti ya pili kocha, mwanamke mfupi mwenye filimbi isiyolia, alimshika Ngazi mabega yote mawili na kumwambia maneno machache, na baada ya hapo mipira ikaanza kutii. Ndipo wanafunzi walipoanza kumwimba. "Nga-zi, Nga-zi," mabati yakifuatisha, upande mzima wa ukumbi. Watu elfu moja wasiomjua walikuwa wanamwita msichana kwa jina ambalo mtu mmoja alilibuni jikoni kwake kwa sababu ya sufuria, na mtu huyo sasa alikuwa amelazwa chumba cha mbele, shuka limemfunika uso. Soli alikunja mikono kifuani akajibana.

Walishinda ya pili, wakapoteza ya tatu. Ya nne ikawa ndefu. Kulikuwa na mpira mmoja uliokwenda na kurudi mara tisa au kumi, watu wakiuokoa kwa ngumi, kwa mguu, hadi Ngazi alipoufuata nje kabisa karibu na meza ya waandishi, akauinua akiwa ameupa wavu mgongo, na namba tisa akaukuta hewani na kuusindilia chini. Ukumbi uliruka. Soli naye aliruka. Alikuta mikono yake inapiga makofi, mdomo uko wazi, baba wa namba tisa amemkumbatia. Kwa muda wa mpira ule mmoja shemeji alikuwa hajafa. Kisha akakumbuka, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo, akaketi haraka, na viganja vyake vilikuwa bado vinawaka.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ilikuwa mara ya tano. Alipokea akiwa ameinama.

"Uko wapi?" aliuliza baba mkubwa. "Hizo ni ngoma?"

"Niko nje ya ukumbi, kaka."

"Umemwambia?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo nini? Soli, sasa ni saa tisa na dakika ishirini. Basi ni saa kumi."

Alipokata simu, seti ya nne ilikuwa imekwisha na wameshinda, ishirini na tisa kwa ishirini na saba. Seti mbili kwa mbili. Refa alipiga filimbi ya mapumziko kabla ya seti ya tano, na Soli akaanza kushuka.

*

Kocha alimzuia kwenye kamba. "Mzazi, hapa haparuhusiwi."

"Nina habari ya namba saba. Ni ya msiba."

Kocha alimsogeza kando, nyuma ya ubao wa matangazo. "Nani?"

"Baba yake."

"Lini?"

"Leo alfajiri."

Yule mwanamke alimtazama kwa muda. "Na umekaa pale juu muda wote huu nalo hilo," alisema. Haikuwa lawama, wala haikuwa huruma. Alipangusa uso kwa mkono. "Nikimtoa sasa sina mwingine wa kuinua. Nakuambia ukweli ili usije ukasema nilikuficha. Lakini hili si langu. Wewe ndiye mtu wa nyumbani. Ukisema nimtoe, namtoa sasa hivi."

Katika miaka yake hamsini na moja, hakuna aliyewahi kumwachia Soli jambo zito aliamue. Alitumwa, alielekezwa, alisogezwa. Hata kuja hapa alikuja na maagizo mawili ya watu wawili, na hadi dakika ile alikuwa amejificha nyuma ya agizo la dada yake. Sasa mtu asiyemjua alikuwa anamsubiri aseme, na saa ya ukutani inakwenda.

Ngazi alikuwa benchi, anabana nywele upya. Alimwona. Alinyanyua ngumi, akaitikisa kidogo, kama watoto wanavyoonyeshana kwamba hawaogopi.

"Mwache amalize," alisema Soli.

Kocha aliinamisha kichwa mara moja, akarudi kwa wasichana wake.

Seti ya tano huchezwa hadi pointi kumi na tano tu. Soli aliiangalia akiwa amesimama pale chini, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumfukuza. Walifika kumi na tatu kwa kumi na tatu. Walitangulia kumi na nne, wakahitaji moja. Wenzao wakasawazisha, wakatangulia. Kwenye mpira wa mwisho Ngazi alimwinulia namba tisa mpira mzuri kuliko yote ya siku ile, wa juu, uliotulia hewani kama uliowekwa kwenye rafu, na namba tisa akaupiga kwa nguvu zake zote. Ulitoka nje kwa upana wa kiganja.

Kumi na sita kwa kumi na nne. Ng'ambo walirundikana wakipiga kelele. Upande huu wasichana walidondoka mmoja mmoja pale waliposimama.

Baba wa namba tisa alikuwa ameshuka hadi kwenye kamba. Taulo lilikuwa kichwani, limemfunika macho.

"Pole, mzee," alisema Soli, akamgusa bega.

"Ahsante. Ni mpira tu, najua ni mpira tu. Lakini unauma kama msiba."

Soli aliondoa mkono wake taratibu.

*

Alisubiri. Ngazi alikuwa amejikunja sakafuni, paji la uso kwenye mbao, mabega yanatikisika, na wenzake wawili wamemlalia mgongoni. Soli alihesabu dakika tano, kisha nyingine tatu. Ilionekana ni ukatili kumtoa mtu kwenye kilio kimoja ili umtie kwenye kingine. Saa kumi kasoro robo kocha alikwenda mwenyewe, akamwinua, akawaingiza wote wawili kwenye chumba cha kuhifadhia nyavu na mipira, akafunga mlango akibaki nje.

"Mjomba, nilitaka ushuhudie tunashinda," Ngazi alisema, akijifuta pua kwa mkono wa jezi. "Umekuja mara moja, umekuja kuona tunafungwa."

"Mwanangu, baba yako amefariki."

Machozi ya mechi yalikuwa bado yanamtiririka. Yalikatika hapohapo.

"Lini?"

"Leo alfajiri."

"Alfajiri." Alilirudia neno kana kwamba ni la lugha nyingine. "Mimi nimeongea na wewe mchana."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza baba yuko wapi."

"Ndiyo."

"Ukasema tanuri."

Soli hakuwa na mahali pa kuangalia. Chumba kilikuwa kidogo, mipira imejaa kwenye kapu la chuma hadi darini.

"Nimemkasirikia," Ngazi alisema. "Seti nzima ya kwanza nilikuwa nagombana naye kichwani. Nilikuwa najisemea, tukishinda simpigii simu, asikie kwa watu. Siku nzima, mjomba. Umeniacha nimkasirikie siku nzima, naye hakufanya kosa."

"Alikuwa anavaa viatu," Soli alisema. "Alishavaa kimoja. Alikuwa anajiandaa kuja kwako."

Msichana hakulia. Aliketi juu ya nyavu zilizokunjwa, akavua vikinga vya magoti, kimoja, kisha cha pili, akavitia kwenye begi na kufunga zipu. Kocha alipofungua mlango na kumpa simu yake, ikiwa imezimwa, aliipokea bila kuiwasha.

Walipokuwa wanatoka kwa mlango wa nyuma, kipaza sauti kilikuwa kinaita wachezaji wapokee medali za nafasi ya pili. Kikaita namba sita. Kikaita namba saba, kikanyamaza, kikaita tena. Wao walikuwa wanatembea upesi kuelekea stendi.

*

Zilikuwa zimebaki nafasi mbili, moja mbele na moja nyuma kabisa. Ngazi alikaa mbele bila kuuliza. Kwa zaidi ya saa moja Soli aliangalia kisogo chake na ukosi wa jezi ya kijani uliochungulia juu ya sweta.

Mama aliyeketi jirani na msichana aliiona jezi. "Unatoka fainali? Mlishinda?"

"Hapana."

"Usijali, mwanangu. Mwaka kesho upo."

"Ahsante," Ngazi alijibu kwa adabu.

Basi liliposimama njiani, abiria wengi waliteremka. Ngazi alisimama, akaja nyuma akishika viti, akaketi kando ya mjomba wake.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilisikia kishindo, nikakimbia. Nilimshika kichwa."

"Alisema chochote?"

Soli alijua angeweza kumpa neno moja la kwenda nalo. Watu huwapa wafiwa maneno ya namna hiyo. "Hapana," alisema. "Alinitazama tu, halafu basi."

Ngazi alitikisa kichwa kwamba amesikia. Nje, mashamba yalikuwa yanakwenda kinyumenyume, na jua limelala juu yake.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nakuambia ili ujue."

"Najua, mwanangu."

Lakini hakurudi mbele. Alikaa palepale hadi walipofika, magoti yake marefu yamebanwa na kiti kilichokuwa mbele, usingizi ukimchukua na kumrudisha.

*

Ilikuwa saa moja na robo jioni walipoingia nyumbani. Uani kulikuwa na viti, taa imefungwa kwenye mti wa kuanikia nguo, watu wamejaa. Wanawake walisimama kumpokea msichana, na kilio kikapanda. Baba mkubwa alisubiri kipungue. Kisha akamwita Soli katikati ya wanaume, akitumia kidole.

"Nilikupigia simu ukasema uko nje."

Soli aliangalia viatu vyake.

"Ile mechi ilikuwa kwenye televisheni," baba mkubwa alisema. Hakupandisha sauti, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tumewasha ili tuone kama mtoto ameshatolewa. Wakarudia mpira mmoja, tukakuona. Watu wote hawa wamekuona. Ndugu yangu amelala ndani, na wewe umesimama unapiga makofi, umekumbatiana na mwanamume mwenye taulo."

Mtu alisonya. Shangazi mmoja alisema polepole, "Kama harusini."

"Mimi ndiye niliyetaka kucheza."

Ngazi alikuwa amejinasua kwa wanawake. Alikuwa mrefu kuliko karibu wanaume wote pale, na taa ilikuwa inamwangaza usoni.

"Mjomba aliniambia tangu mlangoni," alisema. "Nikakataa kutoka. Nikamwambia akae aningoje."

Soli alimgeukia. Msichana hakumtazama.

"Kwa hiyo ulijua?" aliuliza shangazi yule. "Ulijua baba yako amekufa, ukaendelea kurukaruka?"

"Ndiyo, shangazi."

Mnong'ono ulipita kwenye viti. Soli aliusikia ukienda, kiti hadi kiti, na alijua hautaishia pale. Utamfuata mtoto kwenye harusi yake, utamfuata akizaa. Yule binti aliyecheza mpira siku ya kifo cha baba yake. Aliangalia mlangoni. Dada yake alikuwa amesimama pale, amejifunika hadi kwenye nyusi, na macho yao yalikutana. Dada aliinamisha macho, akayaweka kwenye vidole vya miguu yake, akayaacha huko.

"Anasema uongo," alisema Soli. "Hakujua. Aliniuliza baba yake yuko wapi, nikamdanganya yuko kazini. Kocha aliniambia nikitaka amtoe, atamtoa. Nikasema amwache."

"Nani alikuambia ufanye hivyo?" aliuliza baba mkubwa.

"Hakuna. Niliamua mimi."

Baba mkubwa alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayekagua mzigo uliofika pungufu.

"Wewe," alisema. "Ukaamua." Kisha akakigeuza kiti chake upande mwingine. "Kesho watakaobeba jeneza ni watu wa ukoo. Nimemaliza."

Wanawake walimchukua Ngazi ndani, chumba cha mbele. Alipopita karibu na mjomba wake alipunguza hatua kidogo, kama anayetaka kusema kitu, halafu mama yake akamshika mkono na mlango ukafungwa. Mara kilio chake kilisikika, hatimaye, kirefu, kikiita baba.

Soli alivuka uani akaingia chumbani kwake. Aliketi kitandani na viatu miguuni. Kupitia ukuta alisikia watu wakiagizana: ongezeni viti viwili, nani ana kiberiti, mzee kule hajapata chai. Alingoja kusikia jina lake. Walimwita huyu na yule, na kila mmoja aliitika akaenda. Kazi zote zilikuwa na wenyewe. Ilipokuwa wazi kwamba hakuna atakayemtuma popote tena siku ile, Soli aliinama, akafunika uso kwa mikono yake yenye harufu ya gundi, akamlilia shemeji yake.